Kiti cha Kushoto

Niliporudi Kisumu kutoka Uingereza, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilikuwa na masanduku mawili, koti zito ambalo joto la ziwa halikuniruhusu kulivaa hata mara moja, na stashahada ya ufundi wa magari na usimamizi wa usafiri. Stashahada niliitia kwenye fremu ya kioo kabla sijanunua kitanda. Sioni aibu kusema hivyo. Sikupelekwa na serikali, wala na kanisa, wala na mjomba. Niliondoka nikiwa kibarua wa kupaka grisi. Huko ng'ambo niliosha mabasi katika mji wa viwanda uliojaa moshi, jioni nikasoma huku mikono ikinuka dizeli, na katika darasa la watu ishirini na wawili nilitoka wa tatu. Wawili walionipita walizaliwa na lugha ile.

Mfanyabiashara mmoja mwenye malori kumi na moja alinichukua siku ile ile aliponiona. Maghala yake yalikuwa karibu na reli, hatua chache kutoka bandarini, na malori yake yalipeleka chumvi, sukari na mahindi hadi Awasi na kupanda milima ya Kericho. Akanipa ofisi yenye dirisha la kutazama uwanja, na cheo cha msimamizi wa magari na madereva. Madereva wakanipa jina, Bwana Diploma. Walidhani wananicheka. Mimi nililipenda.

Lakini sikuweza kukaa. Tangu nirudi miguu yangu ilikuwa haitulii, hata chini ya meza goti lilicheza lenyewe. Nilikagua breki ambazo zilikaguliwa jana. Nilihamisha mapipa ya mafuta kutoka upande huu wa uwanja hadi ule, kisha nikayarudisha. Nilikuwa nimeona mambo yakifanywa kwa utaratibu katika nchi ya watu, na kila nilipotazama dirishani niliona jambo lililokuwa likisubiri kuharibika.

Likaharibika kweli. Asubuhi moja dereva wetu mmoja mzee alirudi rivasi akaingia na lori hadi ndani ya ghala, akasaga mizani ya kupimia magunia. Mpakiaji aliyesimama hapo muda wote alikuwa ametoka dakika ile kwenda kunywa maji. Nilimwuliza mzee nini kimetokea.

"Ukuta umesogea," akasema.

Sikucheka. Nilirudi ofisini, nikapiga chapa sheria yangu mwenyewe kwa vidole viwili. Dereva yeyote aliyetimiza miaka hamsini na mitano angepimwa upya: macho, kurudi rivasi kati ya mapipa, na kuendesha hadi Nyamasaria na kurudi, mpimaji akiwa amekaa kiti cha kushoto. Asiyefaulu angerudisha ufunguo. Nikaibandika mlangoni pa ghala. Mpaka leo naamini ilikuwa sheria nzuri. Gari halijui heshima ya mvi.

Siku hiyo uwanja mzima ukawa wa vijana.

"Mimi nina hamsini na mbili," alisema dereva mmoja ambaye wajukuu wake walikuwa wameanza kunyoa ndevu.

"Kipande chako cha utambulisho kinasema hamsini na tisa, Mzee."

"Kipande kiliandikwa na Mzungu aliyenitazama meno. Meno yangu yalikuwa mabaya siku hiyo."

"Na wewe?" nikamwuliza aliyefuata.

"Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige."

"Nzige walikuja mara nyingi."

"Basi mimi ni wa wale wa mwisho mwisho."

Yule aliyesaga mizani alinitazama kwa huruma. "Bwana Diploma, huko Ulaya walikufundisha kuhesabu watu kama ng'ombe?"

Mmoja tu hakubishana, na huyo ndiye niliyemwogopa. Alikuwa mkubwa kuliko wote pale, mtu mrefu, mkimya, aliyeendesha malori tangu wakati wa vita. Madereva wenzake walimwita Jaduong', kama mzee yeyote wa kuheshimiwa anavyoitwa kwetu. Katika miaka yake yote barabarani hakuwahi kugonga hata baiskeli. Tajiri wetu alikuwa akimtaja kwa wageni kama mtu anayeonyesha saa ya dhahabu. Na alikuwa baba mkwe wangu. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, nilimwoa mwaka uliofuata kurudi kwangu.

"Andika umri unaotaka," aliniambia. "Nitapimwa."

Nikafurahi. Nilijua atafaulu, na nilijua nitakavyojigamba: mkwe wangu, mzee kuliko wote, ameshinda mtihani wa Bwana Diploma bila upendeleo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu halihitaji. Mwanamume na mama wa mke wake hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Nikimwona mama mkwe anakuja njiani, mimi ndiye ninayeacha njia na kuingia kwenye nyasi mpaka apite. Si uadui, ni heshima, na mimi niliyekaa miaka mingi kwa Wazungu niliishika zaidi ya waliobaki, maana watu walikuwa wakiningoja nikosee.

Mama mkwe wangu aliuza samaki wakavu. Kila mahali lori la mumewe lilipokwenda, yeye alikuwa kiti cha kushoto, juu ya mto alioushona mwenyewe kwa gunia, kapu likiwa miguuni. Masoko yake aliyapanga kufuata safari za mumewe, na tajiri aliruhusu kwa sababu dereva yule hakumpa hasara hata siku moja. Alikuwa mwanamke wa maneno. Alianza kusema lori likitoka getini, akanyamaza likisimama.

"Redio ya Jaduong' haina swichi ya kuzima," madereva walisema.

"Wewe mke wako akiongea unakimbilia baa. Mwenzako anabeba wake hadi Kericho."

"Hayo ndiyo mapenzi, omera, ndugu yangu. Juzi mama aliumwa na malaria, mzee ndiye aliyeomba ruhusa."

Kweli, nilikuwa nimeona jambo hilo katika kitabu cha mahudhurio. Siku alizokosa kazi zilikuwa siku mkewe alipougua. Nililiona kuwa jambo la kupendeza, nikafunga kitabu. Na kwa sababu ya mama kuwa ndani, mimi, niliyepanda kila lori la uwanja ule kusikiliza injini na gia, sikuwahi kupanda lile moja likiwa barabarani.

Siku ya mtihani nilivaa tai. Wale watatu waliobishana walikuwa wamekwisha kupimwa wiki iliyotangulia. Wawili walifaulu, na yule wa ukuta akawa mlinzi wa ghala, mahali ambapo kuta zilibaki mbele ya macho yake. Sasa uwanja mzima ulisimama kumtazama baba mkwe wangu.

Kwanza macho. Nilikuja na ubao wa herufi kutoka Uingereza, lakini wengi wa madereva hawakusoma shule, kwa hiyo nilitumia namba za magari, ambazo kila dereva anazijua. Nilipima hatua ishirini na tano, nikachora mstari kwa chokaa. Lori moja lilikuwa linaingia getini wakati ule, nikaona hilo litafaa, halijapangwa.

"Soma lile, Mzee."

Alisikiliza kidogo, kama mtu anayefikiri, akataja namba yote, herufi kwa herufi. Watu wakapiga makofi. Nikatia alama. Mtu mwenye diploma ya magari hakujiuliza kwa nini mzee alisubiri lori libadilishe gia kabla ya kusoma.

Kisha mapipa. Nilikuwa nimeyapanga safu mbili, nafasi kila upande si zaidi ya kiganja na nusu. Alirudi nyuma polepole, kichwa nje ya dirisha, uso umeinamishwa, akipita katikati kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikatia alama ya pili. Goti langu lilikuwa limetulia kabisa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale.

Ndipo alipozunguka na kusimama getini, na mama mkwe akatokea kando ya ghala na kapu lake. Ilikuwa siku ya soko la Awasi. Mimi nikageuka upesi kutazama reli. Nikasikia mlango wa kushoto ukifunguka na kufungwa.

Nikazungumza na baba mkwe nikiwa nimempa lori mgongo. "Mzee, kile kiti ni cha mpimaji."

"Kina mwenyewe."

"Sheria inasema mpimaji atakaa kushoto."

"Basi panda, ukae na mama wa mke wako bega kwa bega. Sisi watatu tutaenea."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alikaa chini kabisa.

"Bwana Diploma, panda! Ulaya si wanakaa hivyo?"

"Atapanda juu ya paa!"

"Mimi naendesha," mzee akasema, bila kupandisha sauti, "wewe unapima. Pimia nyuma."

Nikapanda nyuma, kwenye magunia ya chumvi, na tai yangu na karatasi zangu. Tukatoka, tukauvuka mji, tukapita pembeni mwa Manyatta kuelekea Nyamasaria. Upepo ulikuwa na harufu ya ziwa na moshi wa kuni. Nyuma ya chumba cha dereva palikuwa na tundu la dirisha lisilo na kioo. Niliegemea hapo nipate kusikia jinsi anavyobadilisha gia. Nilichosikia kwanza ilikuwa ni ile redio.

Nilijaribu kutosikiliza. Si adabu kusikiliza maneno ya mama mkwe. Lakini hayakuwa maneno ya mtu anayepiga porojo.

"Baiskeli, kushoto. Amebeba mkungu, anayumba. Bado. Bado. Haya, umempita." Kisha, "Wanawake wawili na ndoo, wako mbali na lami. Basi linakuja, limekaa katikati. Nenda kushoto kidogo. Kidogo tena. Sawa." Kisha, "Ng'ombe. Simama."

Lori likasimama. Ng'ombe watatu wakavuka, nikawaona wakipita chini yangu, pembe zao karibu na taa. Mzee hakupiga honi.

"Wamekwisha," mama akasema. "Hakuna kitu mpaka daraja."

Nilitazama karatasi yangu yenye alama mbili. Nilikumbuka lori lililobadilisha gia getini. Nilikumbuka kitabu cha mahudhurio. Nikapiga paa la lori kwa kiganja, mara tatu, na likaenda kusimama kando, karibu na daraja la Nyamasaria.

"Mzee," nikasema kupitia tundu lile, "mwambie mama ashuke kidogo, tafadhali. Nitakaa hapo mbele tuvuke daraja, tugeuze, turudi. Ni dakika kumi tu."

Nikasikia mlango. Mama alizunguka lori kwa nyuma, na mimi nikashukia upande wa pili nikazunguka kwa mbele, ili tusikutane. Nilipokaa, ule mto wa gunia ulikuwa bado na joto.

Sikuwahi kukaa karibu naye hivyo. Macho yake yalikuwa na ukungu, si mwingi, kama maji uliyooshea mchele. Pipa lililo chini ya dirisha lake angeliona, barabara ya mbele asingeiona. Mtu anayezungumza naye uso kwa uso kwa heshima, akitazama chini kama inavyopasa, asingeona.

"Twende, Mzee," nikasema.

Akawasha injini. Akaweka gia. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani vizuri kabisa, namna ninavyotaka kila dereva ashike. Lori halikuondoka.

"Mbele kuna nini?" akauliza.

Barabara ilikuwa wazi. Niliiona hadi ng'ambo ya daraja, hakukuwa na mtu wala kuku. Lakini mpimaji hamsaidii anayepimwa. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa, na nilikuwa nimelifundisha. Nikanyamaza. Akangoja. Injini ilinguruma, chumvi ikitikisika nyuma yetu. Naweza kusema ilikuwa nusu dakika. Kisha akazima.

"Yule akiniambia barabara iko wazi, iko wazi," akasema. "Wewe umenyamaza. Sijui kimya chako ni cha barabara wazi, ama ni cha mtu aliyekasirika. Siwezi kumwendesha mume wa binti yangu juu ya kimya."

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu kabla hujaondoka kwenda Ulaya." Akachomoa ufunguo. "Katika miaka yote hiyo, nimemwumiza nani?"

Aliniwekea ufunguo gotini, goti lile lisilotulia, nao ukaanguka sakafuni. Tukaufuata wote wawili kwa mikono, na ni yeye aliyeupata kwanza, akanitia mkononi.

Niliwaomba wapande niwarudishe mjini. Lakini mimi nikiwa kwenye usukani, mama angekaa wapi? Mzee alishusha kapu, akasimama naye kando ya barabara kungoja basi la Awasi. Nilipokuwa nageuza lori nilimsikia akimwambia mkewe, "Linalokuja ni lile lenye gia mbovu. Tungoje la pili." Nami sikuwa nimeona basi lolote. Lilitokea baadaye, likiunguza mafuta na kulia.

Nilirudi uwanjani peke yangu na lori la mtu mwingine. Hakuna aliyecheka. Karatasi ilikuwa inangoja sahihi.

Tajiri alikuja ofisini mwenyewe. "Huyu hajaniangushia hata gunia moja. Andika amefaulu, kazi iendelee."

"Haoni."

"Mke wake anaona. Mimi natazama magunia, Bwana Diploma, sitazami macho."

Nyumbani mke wangu hakuniuliza swali zaidi ya moja. "Umeandika?"

"Bado."

"Baba amekaa nje tangu juzi, anasikiliza magari ya barabara kuu. Anayataja majina." Akaendelea kusahihisha madaftari ya watoto wa shule. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nami nilizunguka nyumba yangu kama mgeni asiyeonyeshwa kiti.

Siku tatu nilikwenda kazini na kurudi na karatasi ile mfukoni. Nilijaribu kuiandika kila namna. Ningeweza kuandika kwamba alifaulu macho, maana alisoma namba. Alifaulu mapipa, hilo lilikuwa kweli. Ningeweza kuandika kwamba barabara haikupimwa kwa sababu za kifamilia. Lakini akilini nilimwona mama akipaliwa na maji siku moja katikati ya neno. Nilimwona akipiga chafya. Nilimwona mwanamke mwenye ndoo, mbele yao, wakati wa chafya ile. Siku ya tatu nikaandika kwamba hakufaulu, nikatia sahihi yangu yote, jina lote na diploma yangu nyuma yake.

Alasiri hiyo hiyo nikamwona mama mkwe kupitia dirisha la ofisi. Alikuja kuchukua mto wake kwenye lori. Sijui kama alikwisha kusikia habari za sahihi, au angekuja hata hivyo. Aliukung'uta vumbi, akaukunja chini ya kwapa, akaondoka akiwa kimya, na sijawahi kumsikia kimya namna ile. Nilisogea nyuma ya pazia mpaka akapita.

Mzee tulimpa kazi ya getini, aliikataa. Alisema yeye si mbwa wa kubwekea magari. Alipanda basi na mkewe kwenda sokoni, akakaa kushoto.

Mimi nilipanda cheo. Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa meneja, na gari dogo la kampuni lilikuwa langu kutumia, na nyumba yenye umeme, na fremu yangu sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa. Sheria ya hamsini na mitano ilikuwa bado mlangoni, karatasi ya nne au ya tano. Sikuwa nimefika hata arobaini.

Jumapili moja tulikuwa tunarudi kutoka kwa wakwe, mimi na mke wangu mbele. Mvua ilikuwa imepita na barabara ya Awasi iling'aa kama bati. Nilikuwa nikimweleza habari za malori mapya tuliyoagiza, na jinsi bila mimi kampuni ile ingekuwa bado inapima magunia kwa macho.

"Baiskeli, kushoto," akasema.

"Nimeiona."

Sikuwa nimeiona. Ilitoka kwenye mng'ao, mtu na mzigo wa nyasi, ikapita karibu na kioo changu. Tukaenda mbele kidogo.

"Ng'ombe," akasema. "Wawili. Upande wako."

Nikapunguza mwendo. "Tangu lini unaniambia barabara?"

"Muda," akasema, akitazama mbele. "Endesha."

Jumatatu niliwahi uwanjani kabla ya malori kutoka. Nilichukua kalamu, nikafuta yale maneno ya miaka hamsini na mitano, nikabakisha "dereva yeyote". Madereva wakakusanyika kusoma. Waliojua kusoma wakawasomea wengine.

"Nani anaanza?"

"Mimi," nikasema.

Walifurahi kupita kiasi. Walipima hatua ishirini na tano kwa miguu mirefu kuliko yote uwanjani, wakachora chokaa. Nikawaambia wasitumie gari letu, maana yote nayajua. Wakatoka barabarani wakasimamisha gari la mtu asiyetujua, wakamwomba angoje, wakamweleza sababu, naye akazima injini akashuka kuja kutazama.

"Soma, Bwana Diploma!"

Herufi nilizisoma. Tarakimu ya kwanza nikaisoma, na ya pili. Ya tatu ilikuwa tatu au nane. Nikakunja macho. Nikavuta mguu mmoja mbele.

"Ah-ah! Rudi kwenye chokaa!"

Nikarudi.

"Nane," nikasema.

Mwenye gari ndiye aliyesema, kwa upole, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake, "Ni tatu, bwana."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa ufunguo wa gari dogo, nikamkabidhi karani wetu wa ofisi. Wiki mbili, mpaka miwani yangu ilipokuwa tayari, nilikwenda kazini kwa basi.